Vijidudu vya Mkwe Wangu

Katika bucha yangu, mtu wa kwanza kumjua mkosaji huwa ni mimi. Kwa hiyo idara ya afya ilipokuta bakteria wa kuharisha kwenye nyama yetu, tena kwa mara ya pili, sikuhitaji maabara. Nilimtazama mkwe wangu.

Yeye ndiye mkataji. Alimwoa binti yangu akiwa hana kazi, nikampa kisu na aproni, na tangu hapo sijaacha kumkumbusha. Hupiga mluzi akikata mbavu, na shule aliiacha njiani. Mimi nilisoma masomo ya jioni nikiwa mtu mzima mwenye watoto, nikafaulu, na sijaacha kusoma vijitabu vya ufugaji na usafi wa nyama. Sokoni wananiita Profesa. Wanasema wakicheka, lakini huwa naitika.

"Wakikuta tena, wanafunga duka," nilimwambia. "Kabla hawajalifunga, mlango nitakufungia wewe."

"Lakini baba, visu nachemsha kila siku."

"Bakteria haonekani kwa macho, mwanangu. Utajuaje kama amekufa?"

Akavirudisha visu kwenye maji ya moto. Binti yangu alikuwa mjamzito, na hiyo ndiyo kazi pekee waliyokuwa nayo.

Akaja mtafiti wa idara, msichana mwembamba mwenye begi la vijiti vya pamba. Alipangusa nyama ya asubuhi na ya mchana, gogo la kukatia, ndoano, mizani, mashine ya kusagia, na mikono ya mkwe wangu hadi chini ya kucha. Mimi nilimfuata nyuma nikimweleza kazi yake.

"Hawa wanaishi kwenye utumbo wa mnyama," nikamwambia. "Machinjioni wakiutoboa, nyama yote imekwisha."

"Kweli, mzee."

"Na wanapenda joto."

"Kweli, mzee. Naomba unipishe kidogo, umekanyaga begi langu."

Majibu yalinishangaza. Nyama ilikuwa ikiingia safi asubuhi. Visu safi, gogo safi, mikono ya mkwe safi kabisa. Lakini nyama ya mchana ilikuwa na vijidudu.

"Kuna kitu hapa ndani kinawaleta," akasema mtafiti.

Nilikijua. Kilikuwa kinapiga mluzi.

Akaomba akae atutazame tukifanya kazi. Akageuza kreti, akakaa. Nami, kwa kuwa nilikuwa natazamwa, nikafanya kazi kwa madaha. Mteja akija, nashusha miwani nisome mizani. Naipandisha kwenye paji la uso, nageuza kipande, nakibonyeza kwa kidole gumba kumwonyesha ulaini wake, kisha nashusha miwani tena. Miwani hiyo ina kamba nyeusi ya uzi wa kusuka. Niliinunua nilipofaulu mtihani, na nikiinama inaninginia mbele kama ndevu za beberu.

"Mzee," akaita, "asubuhi kabla ya kuja hapa unafanya nini?"

"Nakagua kuku wangu. Namwinua mmoja mmoja, namtazama chini ya mkia, kama kijitabu kinavyoelekeza. Kisha nanawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko!"

"Na unawatazama kwa miwani hiyo?"

"Sasa bila miwani nitaona nini?"

"Miwani nayo unainawisha?"

Mluzi ukakatika.

"Miwani," nikasema, "naipangusa kwa shati."

Akatoa kijiti cha pamba. Nilivua miwani nikampa, na kwa muda ule sikumwona vizuri mkwe wangu, jambo nililolishukuru.

Akapita na bandani kwa kuku wangu, na baadaye alirudi dukani na kisahani cha maabara kilichojaa madoa meusi, kila doa kundi la bakteria. Yalitoka kwenye kamba yangu. Aina hiyohiyo ilikuwa kwenye kinyesi cha kuku wangu na kwenye nyama ya mchana.

"Wamestawi sana," akasema.

Nikiri kwamba kwa dakika moja nilijivuna. Kitu nilichokifuga mimi hakijawahi kudhoofika.

Nyumbani mke wangu alinisikiliza hadi mwisho, akavuta pumzi. "Nyani..."

"Usiimalizie," nikamwambia.

Kesho yake nilifika dukani nikiwa nimeiosha miwani kwa maji ya moto na sabuni, na kamba nimeichoma. Mkwe wangu alikuwa akinoa kisu.

"Mwanangu, yule mtu niliyesema nitamfungia mlango..."

"Ndiyo, baba."

"Nimemjua. Anaomba umsamehe. Na kama inawezekana, abaki."

Aliendelea kunoa. Alinoa kisu ambacho tayari kilikuwa kikali.

"Nimemsamehe," akasema mwishowe. "Lakini atakaa wapi?"

"Utakapomweka."

Akaburuta kreti hadi kwenye droo ya pesa. "Hapo. Pesa tu. Mizani nitasoma mimi, nyama haigusi."

Wapimaji wa idara walirudi kwa mara ya tatu, nami nikiwa kwenye kreti langu, mikono mapajani. Wateja walikuwa wakiuliza kama Profesa amestaafu. Niliwajibu kwamba yuko likizo ya masomo.

Barua ya majibu ilipofika niliisoma kwa sauti, maana hiyo bado ni kazi yangu: hakuna bakteria aliyepatikana, duka liendelee. Nikaruka kutoka kwenye kreti, nikanyoosha mkono kuchukua kipande kizuri cha paja, nimpelekee binti yangu.

"Baba!"

Mkono ukabaki hewani.

"Kanawe kwanza," akasema mkwe wangu. "Na hiyo miwani."

Nikaenda kunawa.