Nusu ya Kulwa, Nusu ya Doto

Huku Usangu wasichana wa bombani walikuwa na kitendawili chao. "Mitungi miwili, bomba moja, mmoja unajaa, mmoja haujai." Wenzao wanajibu kwa kicheko: "Kulwa na Doto!"

Kalista, mama wa mapacha hao, alikuwa akipita kama hakusikia. Wanawe walikula sahani moja, lakini Kulwa alizidi kunenepa, sauti ikamkwaruza, nywele zikabaki kwenye kitana, akavaa sweta jua la saa saba. Darasani alisinzia. Budeba, baba yao, akasema, "Mama Kulwa, kama ni uvivu, mwakani abaki nyumbani."

Kalista akampeleka hospitali, Mbeya mjini. Damu ikapimwa. Daktari Faustina akamgusa Kulwa shingoni, akaeleza taratibu. Tezi ya hapa ndiyo inayouambia mwili uchome chakula na uamke. Kinga ya mwili wake imeigeukia tezi hiyo, imeivimbisha, nayo imechoka.

"Unene wote si wa tezi, mama. Lakini mtu aliyepoa hivi atapata wapi nguvu ya kutembea?"

Akatoa vidonge: kimoja alfajiri kwa maji, kisha asile mpaka nusu saa ipite.

Sasa, kwa Wasukuma wa kina Kalista, mapacha hawabaguliwi. Ukimnunulia mmoja kandambili, na mwenzake umnunulie. Ukimnyima mmoja, umemwitia ugonjwa. Kalista alilishika hilo tangu akiwabeba mgongoni. Basi asubuhi akageuza kisahani, akachukua wembe, akakipasua kidonge. Nusu ya Kulwa, nusu ya Doto.

"Mayu, mimi siumwi," Doto akamwambia mama yake.

"Meza, usinitafutie balaa."

Miezi ikapita, Kulwa yuleyule. Hospitalini damu ikaonyesha tezi bado iko chini.

"Anameza?"

"Kila siku, daktari." Wala hakudanganya.

Daktari akaongeza nguvu ya dawa, akaongeza tena. Kalista akaendelea kupasua.

Ndipo mikono ya Doto ikaanza kutetemeka, chai ikamwagika kabla haijafika mdomoni. Siku moja akaketi chini katikati ya majaruba ya mpunga, moyo ukimdunda kama mtu aliyefukuzwa.

Wakaenda wote watatu. Daktari akampima Doto, akamgeukia mama. "Huyu anameza nini?"

Kalista akaeleza bila aibu, maana aliona ametenda haki.

"Mama, ugonjwa wenyewe haukuwagawia sawa. Huyu unamchochea moto asiouhitaji, huyu unampunguzia wake. Unawaumiza wote."

"Nikimnyima Doto, akafa je?"

Daktari hakucheka. "Doto aache leo, na nitamwona tena. Kulwa namrudisha kwenye dawa ya nguvu ya mwanzo, ila ameze kidonge kizima."

Kesho yake Kalista aliketi jikoni, kidonge kiganjani. Vidole vilikuwa vikiuendea wembe vyenyewe. Budeba akasimama mlangoni.

"Baba Kulwa, sema neno."

"Niseme nini? Naogopa kama wewe."

Doto akaingia, akautwaa wembe, akauchomeka juu kwenye nyasi za paa. "Mpe wake, mayu."

"Na wewe?"

"Mimi nipe maji."

Kalista akajaza vikombe viwili, akavitazama mpaka vikawa sawasawa. Kulwa akamezea kidonge chake. Doto akanywa cha kwake mpaka chini.

Uji ulikuwa tayari. Kalista akamsogezea Doto bakuli, maana yeye hakuwa na dawa ya kumzuia. Doto akalisukuma.

"Mpaka na yeye aruhusiwe."

"Kwani huna njaa?"

"Inaniuma kweli. We Kulwa, nusu saa yako ikiisha uniambie."

"Leo nitahesabu polepole," Kulwa akasema kwa ile sauti yake ya kukwaruza.

"Thubutu!"

Kalista akafunika uji usipoe, akaketi kati yao kungoja.