Kuku Aliyetoka kwa Domitila

Kuku mgeni alikufa siku ya tisa tangu aletwe. Ercira Painequeo alimkuta asubuhi alipokwenda kufungua banda: kalala ubavu chini ya vichanja, miguu imenyooka, upanga wake wa kichwani umegeuka rangi ya zambarau iliyoiva. Ercira hakumgusa. Alisimama mlangoni na ndoo yake ya ngano, akawa anawatazama wengine mmoja mmoja kama wanapumua.

Jamani, kuku kufa si habari. Mwewe yupo, mbweha yupo, mdondo upo. Lakini kwa wiki mbili redio haikuwa na wimbo mwingine ila bata maji wa shingo nyeusi waliokuwa wakielea mizoga katika ziwa Budi. Mafua ya ndege, walisema. Wakasema pia habari za watu wa mifugo wa serikali, waliojifunika mavazi meupe gubigubi, ambao wakiingia uani kwako wanaua kila chenye mbawa, kizima na kigonjwa, wanafukia, wanamwaga dawa, wanakuachia karatasi.

Na kuku wa Ercira hawakuwa wa kwenda kununua wengine. Miaka kumi na miwili nyuma mradi fulani uligawa kuku weupe wa kisasa nyumba kwa nyumba, na akina mama kwa pupa yao wakawachinja wale wa zamani kuwapisha. Mbegu ya marehemu mama yake ikabaki koo mmoja, mzee, asiye na mkia, anayetaga yai la bluu. Kutoka kwa huyo mmoja Ercira alianza upya. Kila kiangazi aliketi uani na kuchagua: pora huyu kaota mkia, aende sufuriani, huyu mama yake anataga kijani, aende naye, huyu hana mkia na ana vishungi vya manyoya masikioni mfano wa hereni, abaki. Mwenye hereni wanamwita ketro, na mama yake alimwachia onyo moja: jogoo ketro asipewe koo ketro, vifaranga watakufa ndani ya ganda. Onyo hilo alilishika. Kwenye mkia ndipo alipojisahau. Alipandisha wasio na mkia kwa wasio na mkia mwaka baada ya mwaka mpaka migongo ikafupika, jogoo akawa anapanda bure, na mayai mengi yakatoka viza. Safari hii aliatamisha kumi na matano. Alipoyapima kwa tochi, yenye uhai yalikuwa sita.

Alihitaji damu nyingine: koo wa yai la bluu lakini mwenye mkia. Ndiyo maana alikwenda trafkintu, mkutano wa kubadilishana mbegu, pale ambapo pesa haitolewi mfukoni. Unatoa chako, unapewa cha mwenzako, na kuanzia siku hiyo mnaitana trafkin mpaka mmoja wenu azikwe. Ercira alitoa mayai kumi na mawili. Domitila Calfuñir, mjane wa kule ufukweni, akampa koo mweusi mwenye mkia mrefu.

Kulikuwa na binti mmoja daktari wa mifugo pale mkutanoni, akamwambia, "Mama, mtenge kwanza wiki tatu." Ercira alimcheka. Kwao kitu cha trafkin hakitengwi. Ukimfungia kando mgeni uliyepewa, umemwambia aliyekupa kwamba unamshuku, na mbegu hiyo haitashika kwako. Jioni ile ile alimpandisha kwenye kichanja, bega kwa bega na jogoo.

"Mjinga mkubwa wewe," alijiambia sasa, pale mlangoni.

Alivaa mifuko ya plastiki mikononi, akamtia mzoga guniani, akamfukia nyuma ya nyumba. Alikuwa bado anashindilia udongo aliposikia sauti kwenye ua. Ilikuwa Nolfa, dada wa mumewe, jirani yake wa ua kwa ua.

"Wifi, unamzika nani asubuhi yote hii? Usije ukawa umemmaliza kaka yangu."

"Kaka yako yuko kaskazini anachuma zabibu za watu. Viazi vimeoza."

"Viazi siku hizi vinazikwa kwa heshima hivyo? Basi mimi nikifa uniite kiazi." Nolfa alicheka mwenyewe. "Sikiliza. Niazime jogoo wako wiki hii. Mitetea wangu wanataga tu hawana bwana."

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Hapana, Nolfa. Jogoo hatoki."

Kicheko kikamkauka Nolfa. "Aa, kumbe. Kuku wangu wote wametoka kwako, leo jogoo amekuwa mwana wa mfalme. Haya, mama, kaa naye." Akaondoka, na kuku wake wawili wakapenya chini ya ua, kama walivyozoea, wakaja kuparua palepale penye udongo mbichi. Ercira aliwafukuza kwa jembe mpaka jasho likamtoka. Aliogopa. Aliogopa kuku, aliogopa wifi yake, aliogopa hata viatu vyake mwenyewe.

Siku ya pili hakutoka uani. Alipika catuto, mikate ya ngano, akashindwa kuila. Kila dakika chache alikwenda kuchungulia bandani. Mitetea wawili walikuwa wamejikunyata, manyoya yamesimama, hawataki ngano. Huenda ni baridi, alijiambia. Huenda ni mdondo tu. Aliomba uwe mdondo, adui yake wa siku zote, yaani mpaka hapo alifika. Alijua kinachotakiwa: namba ya kupiga ilikuwa inatajwa redioni kila saa. Kila ilipotajwa alizima redio, kisha akaiwasha tena kusikiliza kama wamefika karibu.

Siku ya tatu hakusikia jogoo kuwika. Alilala macho wazi akingoja. Mwanga ukaingia dirishani, ng'ombe wakalia, na jogoo kimya. Akajua. Alipofungua banda, wale mitetea wawili walikuwa wamekufa, na jogoo amesimama kichwa kimeinama, ute ukimdondoka puani, na mitetea waliosalia wamejikunyata kando yake. Koo anayeatamia tu ndiye aliyekuwa mzima, peke yake katika kibanda cha uani, juu ya mayai yake sita. Ilikuwa siku ya ishirini ya kuatamia. Ercira aliposogeza sikio alisikia kilio chembamba ndani ya ganda.

Hapo ndipo shetani alipomwingia, au tuseme matumaini, maana siku ile yeye hakuona tofauti yake. Dada yake alikaa mjini Temuco, mwendo wa saa moja na nusu kwa basi. Alikuwa na banda, alikuwa na kuku wake wachache. Mayai sita, vifaranga sita, hata watatu tu. Yeye alianzia kwa mmoja. Aliyachukua chini ya koo, akayafunga kwa kitambaa cha sufu, akayatia kifuani chini ya gauni, akavaa koti juu. Alitembea kwenda langoni polepole, mkono umeshika kifua, akisikia uzito wa mayai kila alipovuta pumzi. Alikuwa hajawahi kuiba kitu maishani mwake, lakini sasa alijihisi mwizi.

Langoni alikuwapo Domitila.

Alikuwa amesimama nje na kilemba chake cheusi, mikono mitupu, mkono mmoja tayari kwenye komeo. Mtu aliyetoka ufukweni kwa miguu, trafkin wako, huwezi kumwacha langoni. Unamwingiza, unamkalisha motoni, unampa kula kabla hujamwuliza habari.

"Usiingie," Ercira alisema.

Domitila aliuondoa mkono kwenye komeo. Hakuuliza kwa nini, na hilo lilimtisha Ercira kuliko kama angekasirika.

"Yule koo wangu yuko hai, trafkin?"

"Amekufa. Leo ni siku ya tatu."

Yule mjane aliutazama mlango wa banda kwa mbali. "Nimekuja kwa ajili hiyo tu," alisema hatimaye. "Nilisema nikimkuta hai, basi hawa wa kwangu wamekufa kwa kitu kingine. Ningelala usingizi. Kuku ishirini na watatu, trafkin. Wa mwisho jana. Mayai yako nilimpa koo wangu bora, naye amefia juu yake."

"Umewaita wale watu?"

"Nimewaita leo asubuhi, wanakuja. Nilitaka wewe usikie kwa mdomo wangu. Nimekuletea kifo nyumbani nikidhani nakupa mbegu." Machozi yalimtoka, akayaacha yashuke. Kisha macho yake yakatua kwenye koti, na kwenye mkono uliolishika. "Unakwenda wapi?"

"Mjini."

"Na nini?"

Ndani ya nguo kitu kikalia, kidogo, mara mbili, na wote wawili wakakisikia.

"Kwa nani?"

"Dada yangu. Ni sita tu. Mama yao hajaugua, Domitila, kakaa peke yake siku zote, tazama mwenyewe, hana kitu."

"Dada yako ana kuku?"

"Anao."

"Majirani zake?"

"Wanao."

Domitila alijifuta uso kwa ncha ya kilemba. Hakupandisha sauti. "Mimi nilikuletea sijui," alisema. "Wewe unapeleka unajua."

Akageuka, akashika njia yake ya kurudi ufukweni, bila kuaga na bila kungoja kuagwa. Basi la Temuco lilipita barabarani, likapunguza mwendo lilipomwona Ercira langoni, kisha likaenda zake. Ercira aliketi kwenye gogo la kupasulia kuni, akatoa simu, akaibonyeza ile namba aliyokuwa anaikimbia.

Akapokea mwanaume, sauti ya kijana mwenye adabu. Akauliza jina, akauliza njia ya kufika. Akauliza kuku wangapi wamekufa, wangapi wanaumwa, wangapi wazima. Ercira aliwahesabu kwa vidole: jogoo ketro asiye na mkia, mitetea saba, koo mmoja anaatamia. Kijana akasema hana haja ya sura zao, idadi inatosha.

"Majirani wanafuga?"

Nolfa alikuwa amesimama kwenye ua na beseni la nguo. Tangu saa ngapi, Ercira hakujua. Walitazamana.

"Wifi yangu," Ercira alisema simuni, akimtazama. "Kuku kumi na wanne. Wanaingia kwangu."

Nolfa aliweka beseni chini, akaingia ndani, akatoka na debe zima la mahindi ya mbegu, na akawamwagia kuku wake yote.

"Tunafika baada ya saa moja, mama. Usiguse kitu. Kuna mayai?"

Mayai yalikuwa yanamgonga mbavuni sasa, si moja bali mawili au matatu, vifaranga wakidonoa kutoka ndani. Nani angejua? Domitila amekwenda. Kijana yuko mbali, anaandika.

"Mama, uko? Nimeuliza mayai."

"Sita," Ercira alisema.

Simu ikakatwa. Alipaswa kuyarudisha kibandani, lakini hewa ilikuwa na baridi na koo alikuwa ameshatoka kwenye kiota. Basi alikaa palepale kwenye gogo, mikono miwili kifuani, akiyapa joto. La kwanza lilipasuka kabla gari halijaonekana kilimani. Alikisikia kile kifaranga kikijinyoosha chini ya gauni, kibichi, kikitafuta ngozi yake, naye akakifunika vizuri kwa kiganja.