Mlango wa Wanaopinga

Wengi wape, walisema wahenga. Mimi nilisema wengi wakikosea, wanyime. Nilidhani ndiyo kazi niliyovishiwa joho katika Baraza la Mabwana, ambako hakuna aliyetuchagua wala awezaye kutuangusha.

Boston, mji wetu mdogo wa Kiingereza, ulikuwa umepiga kura nchi ijitoe Ulaya. Mama yetu, wangu na kaka yangu, alikuwa amepooza. Danuta, Mpolandi, ndiye aliyemwogesha na kumlisha. Baraza letu likaongeza kifungu kwenye muswada: watu wa Ulaya waliokwisha kuhamia kwetu wahakikishiwe kubaki. Bunge la waliochaguliwa likakifuta, likaturudishia muswada.

"Kifungu kikifa, narudi kwetu," Danuta aliniambia. "Sikai mahali nikingoja kufukuzwa."

Siku ya kura, Peverell, mnadhimu wa chama chetu, alinikuta chumba cha chai nikipaka siagi skoni, kimkate cha chai.

"Hilary, leo tunabaki vitini, hatupigi kura. Tumewaomba wafikirie tena, wamekataa. Desturi ni desturi."

"Na Danuta?"

"Ndiye nani huyo?"

"Anayemgeuza mama yangu kitandani."

"Pole, dada. Lakini sisi hatukuchaguliwa na mtu."

"Sasa tunamwogopa nani?"

Akacheka, akachukua nusu ya skoni yangu, akaondoka akitafuna.

Kengele ikalia. Kwetu kura hupigwa kwa kupita mlango; nilipita ule wa wanaopinga kifungu kufutwa, pamoja na wachache. Wenzangu waliojipiga vifua wiki iliyotangulia walikuwa wamekaa wakitazama viatu vyao. Kifungu kikafa kabla chai haijapoa.

Nilipofika Boston, sanduku la Danuta lilikuwa ukumbini. Norris, kaka yangu, hakunisalimu.

"Baa nzima inaniuliza dada yako anajiona nani. Msaliti, ndivyo wanavyokuita."

"Nawe ulipigaje kura?"

"Watoke! Lakini si Danuta. Nilimaanisha wale wengine."

Danuta alikuwa akivaa koti. "Karatasi ya kura haikuwa na nafasi ya kuandika hivyo, Norris."

Akambusu mama kwenye paji la uso, akatoka. Mama aliufuata mlango kwa jicho lake moja zima. Shuka lilikuwa limelowa, nasi tulisimama kama wageni, hakuna aliyejua aanzie wapi.

"Andika gazetini," Norris akasema. "Waombe watu wa mji radhi, angalau tupate mtu wa kutusaidia."

"Shika upande ule wa shuka."

"Hilary, omba radhi."

"Siombi."