Kanga ya Kwenye Pipa

Mwaka ule sabuni ilipokuwa ya kupangia foleni, maji nayo yaliutembelea Mtaa wa Narung'ombe kama mgeni wa heshima. Yalikuja yakijisikia, alfajiri, machache, bomba likikohoa kwanza. Ndiyo maana Blandina alilithamini pipa lake kuliko kabati la vyombo. Alikuwa amelikalisha uani, kando ya mfereji wa maji machafu, akalifunika kanga kuukuu na juu yake mfuniko wa bati, maana mbu wa Dar es Salaam hakukua nao kule kwao Kilimanjaro, na hakutaka wamzalie ndani.

Sasa maji yakaanza kupungua. Jioni pipa limejaa pomoni, asubuhi limeshuka shubiri nzima.

Wa kwanza kushukiwa alikuwa Celina, bintiye wa darasa la nne. Tangu waanze kufundishwa sayansi, mtoto huyo hakuweza kuona kikombe akakiacha kwa amani. Aliilaza sindano juu ya maji ikaelea. Aliziba glasi iliyojaa kwa karatasi, akaipindua ili maji yagome kumwagika, na mara ya kwanza hayakugoma hata kidogo, yakaishia kitandani kwa baba yake. Jioni ile Blandina alimpa makofi mawili ya mgongoni na kupiga marufuku sayansi yote nyumbani mwake.

Kesho yake alfajiri akatoka uani, akamkuta Bi Zamda amesimama penye pipa, mfuniko mkononi, ndoo miguuni. Bi Zamda alipanga chumba cha mkabala. Hakujaliwa mtoto, na kila Jumamosi alimkalisha Celina chini na kumsuka twende kilioni, mistari imenyooka vizuri kabisa.

"Kumbe ni wewe, Bi Zamda," Blandina alisema.

Bi Zamda alimtazama sana, akarudisha mfuniko, akachukua ndoo yake, akaingia ndani. Blandina akaona huko ndiko kukiri kwenyewe, na kabla ya saa nne nyumba nzima ilikuwa imeshajua.

Wakawa wanapishana ukumbini bila salamu. Bakuli la Bi Zamda, lililokuja na futari ya muhogo, likabaki juu ya kabati la Blandina. Bakuli la jirani halirudishwi tupu, na kulitia kitu ni kutaka suluhu, basi likakaa hapo likimkodolea macho. Maji yakazidi kupungua, Blandina akazidi kusema kwamba mwizi mwingine hana hata haya. Celina akawa anakwenda shule na mistari ya mama yake, iliyopinda kama njia ya mbuzi. Kisha zikaja habari kwamba mwisho wa mwezi Bi Zamda anahamia Magomeni kwa kaka yake. Celina alilia mpaka akalala bila kula.

Jumapili, baada ya misa, Blandina alimfuma mtoto chini ya meza. Glasi moja imejaa, iko juu ya tofali. Nyingine tupu, iko chini. Katikati yake kipande cha kitambaa. Blandina akainua mkono.

"Mama, ngoja kwanza. Tazama."

Tone likaanguka kwenye glasi tupu. Likafuata jingine.

"Nguo inanyonya," Celina akasema. "Inapanda ukingo, halafu inashusha. Mwalimu anasema mkia wake lazima uwe chini kuliko maji."

Mkono ukashuka wenyewe. Blandina alikuwa anakitazama kile kitambaa. "Umekikata wapi hiki?"

"Kwenye kanga ya pipa. Kipembe tu, mama."

Alitoka uani mbiombio, akainua mfuniko. Kanga ilikuwa imebonyea katikati, tumbo lake limo majini. Pembe yake moja ilining'inia nje hadi mferejini, na kutoka hapo maji yalidondoka taratibu, yakaenda zake. Blandina aliona aibu hadi masikio yakamuwaka.

Aliteremsha bakuli, akalijaza machalari ya ndizi aliyompikia mumewe, akaenda kupiga hodi. Celina nyuma yake. Bi Zamda aliketi katikati ya mafurushi.

"Shikamoo, Bi Zamda," mtoto alisema.

"Marahaba, mwanangu."

"Ni kanga yangu," Blandina akasema. "Ndiyo iliyokuwa ikimwaga maji. Nimekusingizia mbele ya watu, na mbele ya watu hao hao nitasema. Nisamehe, dada yangu."

Bi Zamda akapokea bakuli, akalifunua. "Safari hii umekumbuka chumvi?"

Blandina alicheka, machozi yakimlengalenga. "Lakini siku ile ulikuwa unafanya nini pale?"

"Nilikuwa natia maji. Jioni yake nilimsikia mtoto akilia kwa makofi yako, nikaona nimwongezee ndoo moja, asipigwe tena."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungesema mtu asiye na mtoto anakufundisha kulea."

Hayo hasa ndiyo Blandina angeyasema.

Celina alikuwa ameshajipenyeza baina ya magoti ya Bi Zamda, kitana mkononi. Bi Zamda alizitazama zile nywele, akaguna.

"Mama Celina, niletee maji kidogo nizilainishe."

Blandina akaenda kwenye pipa, akachota kopo likajaa mpaka juu.