Mlango wa Pili wa Waheshimiwa

Daraja lilipofungwa, mke wa fundi seremala alikuwa ng'ambo ya mto. Alikwenda kumuuguza dada yake, akaaga kama anayekwenda sokoni, mkoba mmoja mkononi. Serikali mbili zikagombana, wanajeshi wakaweka vizuizi, naye akabaki huko huko. Tangu hapo fundi alijipikia chakula cha kumtoa mbwa machozi, na kila alfajiri alipiga magoti kumwomba Mungu azilainishe nyoyo za wakubwa.

Hatimaye wakubwa wakakubali kukutana. Fundi akaitwa haraka kwenye ukumbi wa mkutano, akaenda akidhani meza imevunjika. Meza ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni mlango.

Ofisa wa kupokea wageni, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Itifaki, alimweleza polepole. Ukumbi una mlango mmoja, na hakuna upande unaokubali kuingia nyuma ya mwenzake, kwa maana anayefuata ataonekana amekuja kuomba. Kuingia bega kwa bega kumeshindikana, kwa kuwa viongozi wote wawili wamejaliwa matumbo. Basi ukuta ule wa mbao utobolewe mlango wa pili, sawasawa na wa kwanza. Fundi akauliza kama watu wamekwama ng'ambo kwa sababu ya mlango. Akajibiwa kwamba heshima ya taifa haipimwi, kisha Bwana Itifaki akatoa futi kamba akaanza kupima.

Fundi akakata. Kupitia tundu la kwanza la msumeno aliwaona viongozi wale wawili kivulini, wamekaa benchi moja, wanataniana, wanaulizana habari za watoto. Kumbe hawakuwa na ugomvi wowote. Ugomvi walikuwa wameuacha darajani, uwazuie wasiokuwa na benchi.

Mlango ulipokamilika, viongozi wakaingia kwa pamoja, wakatoka wakipeana mikono. Walichokubaliana ni kukutana tena, safari hii ng'ambo. Na kwa kuwa ukumbi wa ng'ambo nao una mlango mmoja, mkono ule ule ndio ukakate wa pili, asije mtu akasema wake ni mdogo.

Hivyo fundi akapakiwa garini na sanduku lake la vifaa, Bwana Itifaki kando yake. Darajani kizuizi kikainuliwa bila swali. Daraja lililomkatalia mama wa watu lilipitisha msumeno.

Ng'ambo, kando ya kizuizi, watu walikuwa wamekaa chini na mizigo yao, wengine na watoto wachanga. Mkewe akanyanyuka kati yao, akalifuata gari mpaka ukumbini.

"Umekonda, mama watoto."

"Na wewe nani kakufulia hilo shati?" Akalinyoosha kola. "Umekuja kunichukua?"

Fundi akamtazama Bwana Itifaki. Huyo akasema kibali ni cha fundi na vifaa vyake tu; suala la waliokwama litajadiliwa vizuri, wajumbe wakishaingia.

Fundi akaurudisha msumeno sandukuni. "Basi hawaingii."

"Fundi, unazuia amani."

"Amani gani, bwana? Mmetoboa ukuta ili mtu mnene asione aibu. Toboeni na pale darajani."

Magari ya viongozi yalikuwa yamekwisha fika, na jua lilikuwa kali. Bwana Itifaki akakimbia kuwanong'oneza, kwanza huyu, kisha yule, akihakikisha hakumkaribia mmoja zaidi ya mwenzake. Wakatazamana, wakatikisa vichwa kukubali. Akarudi akihema, akasema mama apande gari, mambo yamekwisha.

Haikuhitaji meza, wala bendera, wala mkalimani. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo siku zote. Badala ya kushukuru, fundi alihisi damu ikimpanda kichwani. Zile alfajiri zote alizopiga magoti, jawabu lilikuwa kutikisa kichwa tu, na wenye vichwa hawakuona sababu.

Mkewe hakupanda gari. Aligeuka akawatazama waliobaki kule kwenye kizuizi. "Nimelala nao, nimeomba nao," alisema kwa sauti ya chini.

"Na wale je?" fundi akauliza.

Bwana Itifaki akasema wale ni suala jingine kabisa.

Fundi akaketi juu ya sanduku la vifaa, akasogea kidogo, mkewe akaketi kando yake. Wakawaacha waheshimiwa wamesimama juani.