Siku Mashine ya Nyasi Ilipovuka Maji

Bergsveinn alifika maji yakiwa yamejaa, kama nilivyomwambia, jambo lililonishangaza. Mume huyu wa mpwa wangu alizaliwa na kukulia Reykjavík, na watu wa mjini hudhani bahari inamngoja mtu. Akaifunga mashua kwenye gati la mawe, akashuka na sanduku la spana mpya ambazo hazijawahi kugusa grisi.

"Mjomba! Bado upo hai?"

"Umekuja kuzika?"

"Herdís kaniambia nihakikishe kwanza unapumua, ndipo nichukue mashine."

"Mwambie napumua. Kwa kinyongo, lakini napumua."

Herdís ni binti wa dada yangu Arndís, ambaye niliishi naye kwenye kisiwa hiki tangu tuzaliwe mpaka alipofariki mwaka juzi. Siku ya maziko, watu wakinywa kahawa baada ya kanisa, ndugu walianza kujadili nipelekwe wapi, huyu anasema kwake, yule anasema kwa fulani, na mimi nimekaa papo hapo kama ng'ombe wa urithi. Hasira zikanipanda. Nikasimama nikasema sitoki kisiwani ila ndani ya sanduku la maiti. Hata wapishi jikoni wakasikia. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyethubutu kuniambia nihame. Wananiheshimu, na heshima hiyo imenitesa kuliko njaa.

Nisifiche: nilikuwa mpweke. Majira ya baridi ya kwanza niliongea na jiko. Ya pili nikagundua kwamba hata na jiko siongei tena. Kondoo nikawauza, trekta nikampa Herdís, mashua yangu ikapasuliwa na dhoruba palepale ilipofungwa. Ilibaki mashine ya kukatia nyasi, imekaa kwenye banda. Herdís alipoagiza kwamba wanaihitaji, nikajibu njooni mchukue. Moyoni nilikuwa na ombi moja tu: wakija kuchukua chuma, wanichukue na mimi. Lakini waseme wao. Mimi, baada ya maneno yale ya sanduku, ningeanzia wapi? Nguo zangu nilikuwa nimeshazikunja kwenye begi, nikaliweka nyuma ya mlango wa jikoni, mahali ambapo mgeni haoni.

Tukaenda bandani. Mashine ile ilikuja enzi za farasi, ikivutwa na farasi wawili, na mimi kijana. Trekta lilipofika tulikata ule mti mrefu wa kufungia farasi tukafunga chuma mahali pake. Sasa trekta halipo la kuivuta hadi ufukweni, na mashua ya Bergsveinn ni ndogo, kwa hiyo ilibidi ifunguliwe vipande vipande.

Bergsveinn akachutama moja kwa moja kwenye gurudumu, spana mkononi.

"Wee! Kisu kwanza!"

"Kisu gani?"

"Hicho kilicho mbele ya goti lako. Kina meno urefu wote huo. Mashine ikiteleza kabla hujakitoa, utarudi kwa Herdís umepungua."

Akaruka nyuma. Nikacheka, na sauti ya kicheko changu ikanishtua kidogo. Tukakivuta kisu polepole kutoka kwenye mkono wa kukatia, kile chuma kirefu kinacholala ubavuni juu ya ardhi, tukakiviringisha kwenye magunia. Halafu akashika fimbo ya mbao iliyokuwa nyuma ya mkono huo.

"Na hii mbao inafanya nini kati ya vyuma?"

"Ndiyo inayosukuma kisu kwenda na kurudi. Mashine ikigonga jiwe, mbao inavunjika, vyuma vinapona."

"Kwa hiyo huyu ndiye mjinga wa familia, anapigwa yeye wenzake wasalimike."

"Huyo ndiye mkwe," nikamwambia.

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kijana si mbaya. Ana maneno mengi na mikono laini, lakini akielekezwa anasikia. Nati za magurudumu zilikuwa zimeshikwa na kutu, tukazimwagia mafuta ya taa, tukazigonga, tukazingoja. Spana zake mpya ziliteleza moja baada ya nyingine. Nikamletea yangu, nyeusi, mpini wake umepinda, ikafungua. Sikumcheka. Tulipokuwa tukingoja tulikula samaki mkavu na siagi, na akanieleza habari za ng'ombe wake, za jirani aliyenunua gari bovu, za mchungaji mpya anayehubiri mpaka viazi vinaungua majumbani. Nilisikiliza kila neno. Ningesikiliza hata orodha ya bei za mbolea.

Kikabaki kiti. Ni cha chuma, chenye matundu, na kimelika katikati kwa sababu yangu. Mashine hii tangu ifungwe kwenye trekta ni kazi ya watu wawili: mmoja anaendesha, mwingine anakaa nyuma kwenye kiti hicho, mkono kwenye wenzo, anauinua mkono wa kukatia penye mawe na penye viota vya bata wa baharini. Arndís ndiye aliyeendesha. Miaka yote hiyo nilikata nyasi nikitazama kisogo cha dada yangu na kitambaa chake cha kichwa. Alikuwa akiliona jiwe kabla yangu, anapiga kelele "Jiwe!" bila kugeuka. Alipofariki nilijaribu kuendesha peke yangu. Nilikuwa nikisimama kila mara, nikishuka, nikiinua wenzo, nikipanda tena. Mwisho niliacha trekta katikati ya shamba nikamalizia kwa fyekeo, nikilia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni.

"Mjomba, nikifungue?"

"Fungua. Kwani kinauma?"

Kushuka ufukweni kulitutoa jasho. Gurudumu la kwanza lilimponyoka Bergsveinn, likateremka peke yake kwenye nyasi ndefu, naye akilikimbiza huku akilitukana, na ndege wenye viota wakimshukia kichwani kwa midomo yao. Mkono wa kukatia tuliubeba mabegani, yeye mbele, mimi nyuma. Mwili wenyewe wa mashine, wenye giaboksi, tuliuvingirisha juu ya magogo yaliyoletwa na bahari, tukichukua gogo la nyuma na kuliweka mbele, hatua kwa hatua. Nilimwambia auweke katikati ya mashua, chini kabisa, na magurudumu yalale pande zote mbili. Nati na pini nilikuwa nimezitia kwenye makopo ya maziwa, kila kopo nimelifunga kwa waya kwenye kipande chake.

"Umepanga vizuri hivi, mjomba, hata mtoto ataiunganisha."

"Hata mkwe," nikasema, nikijisifu.

Maji yalikuwa yameanza kupwa. Kwenye bahari yetu yakianza hayana simile. Mwani ulishaanza kujitokeza kwenye miamba, na mtu anayechelewa hapo hukaa na mashua yake juu ya tope mpaka yarudi. Bergsveinn akaingia, akashika kamba. Ndipo akageuka.

"Herdís anasema uje, mjomba. Uje ukae kwetu. Chumba kile cha kaskazini tumekipaka rangi."

Nilisikia vizuri, kila neno. Na mdomo wangu ukajibu:

"Aa, nije kufanya nini huko?"

Ndivyo tulivyolelewa visiwani. Mwaliko wa kwanza unaukataa, hata wa kikombe cha kahawa kwenye baridi kali. Wa pili unaukataa pia, ila kwa sauti ya chini kidogo, ili mwenzako ajue njia ni ipi. Wa tatu ndio unaoukubali, tena kwa kuguna, kama aliyelazimishwa. Anayeitikia mara ya kwanza ni mlafi au mtoto. Mama yangu alimkataa baba yangu mara mbili, na baba hakupata hata wasiwasi.

"Uje basi hata utufungie mashine," akasema Bergsveinn. "Trekta nitaendesha mimi. Nani atakaa nyuma?"

Ee Mungu, hilo lilinigusa. Nikatazama viatu vyangu, nikasema kwa sauti ya chini, kama inavyotakiwa:

"Sipendi kusumbua watu nyumbani kwao."

Jibu la tatu nilikuwa nalo tayari. Lilikuwa limeshafika ulimini. Nilikuwa hata nimeshahesabu nitakavyomwambia angoje kidogo, nina kitu jikoni nakifuata. Herdís angeuliza mara ya tatu, tena angeshuka gatini anikamate mkono huku akinigombeza. Lakini Herdís alikuwa amebaki na ng'ombe wake, na aliyesimama mbele yangu ni mtoto wa Reykjavík, ambako mtu akisema hapana wanaelewa hapana.

Akatazama maji. Akanitazama mimi, kwa macho mema kabisa.

"Sawa, mjomba. Nilimwambia Herdís hutakubali. Nyumbani ni nyumbani, mimi naheshimu hilo. Tutaonana nyasi zikishaingia ghalani."

Akafungua kamba.

Nilibaki nimesimama. Nilidhani anafanya taratibu ili aulize tena, maana alichukua muda na injini, akaivuta, ikakohoa, akaivuta tena. Ikawaka. Mashua ikazama kidogo kwa uzito, ikageuka, ikaanza kwenda. Hata hapo nilikuwa nikisubiri. Ilipokuwa mbali kiasi cha kutoona uso wake ndipo nikaelewa kwamba anakwenda kweli, na kwamba hakuna mtu mwingine duniani atakayeniuliza kwa mara ya tatu.

Nikakimbia mpaka mwisho wa gati. Nikainua mikono yote miwili, nikaipunga kwa nguvu, nikapiga kelele kwa sauti ambayo sikujua bado ninayo: "Bergsveinn! Nakuja! Rudi, nakuja!"

Injini ilikuwa inanguruma miguuni pake. Lakini akageuka, akaniona. Akafurahi, nililiona hilo hata kwa mbali. Akaachia usukani, akasimama wima kati ya yale magurudumu mawili, akainua mikono yake yote miwili na kunipungia, kwa moyo wote, mpaka mashua ikapita nyuma ya miamba.