Sabuni na Jina la Bakhta

Simu ililia asubuhi, kahawa bado inafuka moshi. Sheikha Zulikha, mwimbaji wa zamani, hakuinuka. Alijua ni nani. Redio ya Oran ilimkumbuka mara moja kwa mwaka, kama watu wanavyokumbuka kaburi siku ya Idi.

"Mama, ndio hao," alisema mkamwana wake, Yamina. "Kipindi cha Siku Kama ya Leo. Pokea, usikunje uso."

"Waambie nimekufa."

"Thubutu! Wakisikia umekufa watakuwekea na tarehe ya pili. Watakusumbua mara mbili kwa mwaka."

Zulikha alicheka bila kutaka, akaichukua simu.

Hewani, mtangazaji Ghauti alikwisha kuzichambua habari za siku. Siku kama ya leo alizaliwa mpiga fidla mmoja wa Tlemseni. Siku kama ya leo kanda fulani ilitoka Marsei, watu wakaigombania kama mkate wa Ramadhani. Na siku kama ya leo, katika harusi moja mtaani Sidi Huwari, umeme ulikatika Sheikha Zulikha yuko katikati ya wimbo, umati ukaumalizia gizani.

Kila mwaka Zulikha alisimulia hayohayo, na kila mwaka akifika kwa Bakhta hukatizwa na tangazo la sabuni. Bakhta ndiye aliyeshika galali, ile ngoma ndefu ya gogo la mkonge. Kipaza sauti kilipokufa, Zulikha alinyamaza kwa woga. Bakhta hakunyamaza. Watu waliufuata mkono wake kama kipofu afuatavyo fimbo. Sasa yuko chini ya mchanga, hana kanda wala picha, na redioni jina lake halijatajwa hata siku moja. Zulikha alikuwa amechoka kusifiwa kwa kunyamaza.

"Sheikha wetu! Gizani mle, moyo ulikuwaje?"

"Mwanangu Ghauti, mwaka huu naanza na Bakhta."

"Tutafika huko, Hajati. Kwanza giza."

"Mwaka jana ulisema hivyohivyo, tukafikia kwenye sabuni."

Yamina alijiziba mdomo.

"Muda wetu mfupi, Hajati. Giza lilikuwaje?"

Zulikha aliilaza simu mezani, akaitungua galali ya Bakhta msumarini, akapiga. Viganja vilikuwa vikavu, kifundo kinauma, na mapigo ya mwanzo yalipotea njia. Akaendelea. Hakuimba. Redio ya jirani, ng'ambo ya ngazi, ilimrudishia ngoma yake ikiwa imechelewa kidogo.

"Mama? Hajati, sema basi... Wasikilizaji, naona Sheikha wetu leo..." Ghauti akakohoa.

Zulikha alikuwa akiisubiri sabuni. Haikuja.

"Sheikha," sauti ya Ghauti ilikuwa imeshuka, "nani alipiga hivyo siku ile?"

Aliinamia simu, mkono ungali juu ya ngozi ya galali.

"Bakhta. Bakhta binti Miludi. Litamke wewe, wakusikie."

Ghauti alilitamka, lote. Jirani naye akasikika akilirudia kwa mumewe, kama anayeuliza.

"Basi, mwanangu," alisema Zulikha. "Nimechoka. Weka sabuni yako."